Kabla ya raba, sidiria kwanza (kwa wadada mnaoanza kukimbia)

Mtu akishajua tu kwamba unakimbia swali la kwanza ni lile lile, dada na mimi nataka kuanza, ninunue raba gani? Na mimi kabla sijajibu namuuliza, sidiria ya kukimbilia unayo? Hapo wengi wanakaa kimya kidogo, au wanasema ninazo hizi za kawaida, au mimi kifua changu kidogo sihitaji. Basi leo nimeona niandike yote mahali pamoja, sidiria, viatu na nguo, na nimeyapanga kwa mpangilio ambao ningetaka mtu atoe hela yake, maana watu wengi wanaanza na seti ya legingi na topu zinazofanana rangi, halafu raba, halafu sidiria wanavaa yoyote iliyopo kabatini. Mi naona igeuzwe kichwa chini miguu juu. Nguo za kuanzia unazo tayari. Sidiria huna.

Kwa nini naing'ang'ania sana hii sidiria? Kwa sababu titi halina msuli ndani yake. Misuli ya kifua ipo kweli lakini iko nyuma, imelala juu ya mbavu, titi lenyewe ni mafuta na tezi za maziwa na nyuzinyuzi, na kinacholishikilia ni ngozi pamoja na kano nyembamba sana zinazoitwa kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza karne ya 19. Basi, hamna kingine. Kwa hiyo yule anayekwambia piga pushapu kifua kitakaza hutahitaji kushikwa, amechanganya vitu viwili, pushapu zinajenga msuli wa nyuma, titi linabaki pale pale likining'inia kwenye ngozi na kano zake. Na ukikimbia halipandi na kushuka tu kama watu wanavyodhani, linakwenda juu na chini, linakwenda pembeni, linakwenda mbele na nyuma, yote kwa wakati mmoja, ukilifuatilia vizuri linachora kama namba nane hewani. Kila hatua. Sasa piga hesabu hatua ngapi ziko kwenye kilomita moja tu, halafu uniambie sidiria ya kuvalia ofisini itaweza hiyo kazi.

Na hii habari ya kifua kidogo naomba tuiache jamani. Mwenye kifua kidogo naye anaumia, labda sio sawa na mwenye kikubwa lakini anaumia. Kuna watafiti waliwauliza wanawake waliokimbia London Marathon ya 2012 kuhusu maumivu ya matiti, na karibu theluthi moja walisema wanayo. Hao ni watu wa marathon, wamezoea, wana vifaa, na bado mmoja katika kila watatu anaumia. Sasa wewe unayeanza leo na sidiria ya lesi, ukiumia utajiambia kukimbia sio kwako, utaacha, na kumbe kukimbia hakuna kosa lolote. Hili ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote. Wadada wengi wanaoacha hawasemi sababu ni kifua, wanasema nimechoka, sina muda, watu wananiangalia, na ukimkalisha ukamuuliza taratibu ndio anakwambia naona aibu kinavyotikisika, au kinaniuma siku mbili baada ya kukimbia.

Halafu fikiria hiki kitu kimekuja juzi tu. Marathon ya Boston iliwaruhusu wanawake rasmi mwaka 1972, lakini sidiria inayohesabiwa kuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya michezo ilikuja 1977, kule Vermont Marekani. Lisa Lindahl alikuwa anakimbia na kifua kinamsumbua, akashirikiana na Polly Smith ambaye ni mshonaji na Hinda Miller, na ile ya majaribio waliishona kwa kuunganisha vile vivazi viwili ambavyo wanaume huvaa michezoni kushikilia sehemu zao za siri. Yaani wanaume walikuwa na kivazi chao miaka mingi tayari, wanawake wakakate na kuunganisha. Wakaiita Jogbra. Miaka saba baadae, 1984, ndio wanawake wakakimbia marathon ya kwanza kwenye Olimpiki, Los Angeles, akashinda Joan Benoit wa Marekani. Kwa hiyo dada yangu usione aibu kuingia dukani ukaulizia sidiria ya kukimbilia, kuna watu walikaa chini wakahangaika ili wewe uikute.

Haya, kuichagua sasa. Kitu cha kwanza kabisa ni mkanda wa chini, ule unaozunguka kifua chini ya matiti. Huo ndio unaobeba mzigo mwingi, sio zile kamba za mabegani. Watu wengi wanavaa mkanda mpana kuliko saizi yao halafu wanakaza kamba za mabegani mpaka zinachimba mifereji, matokeo yake shingo inauma, mabega yanauma, na titi bado linaruka. Mkanda unatakiwa ulale sawa kuzunguka mwili mzima, nyuma usiwe juu kuliko mbele, na ukijaribu kuingiza vidole viwili vipite lakini kwa kujibana. Ukiweza kuingiza mkono mzima, rudisha. Pima kwa futi ya fundi chini kabisa ya matiti, ukiwa umepumua nje, halafu pima na pale kifua kilipojaa zaidi, ukienda na hizo namba mbili utapata pa kuanzia. Nasema pa kuanzia kwa sababu kila kampuni ina saizi zake na hamna namna ya kukwepa kujaribu.

Nilimsindikiza wifi yangu siku moja kununua yake, akatoka kwenye chumba cha kujaribia anafurahi, imenikaa hii. Nikamwambia wifi nyoosha mikono juu. Akanyoosha, mkanda wa chini ukapanda nao, ukakalia titi, upande wa kushoto nyama ya chini ikachungulia nje kabisa. Akashusha mikono, mkanda ukabaki huko huko juu. Akajiangalia kwenye kioo akasema aah kumbe. Tukashuka saizi moja ya mkanda, tukapanda saizi moja ya kikombe, akanyoosha tena mikono, mkanda haukusogea. Nikamwambia sasa ruka. Akaniangalia, nikamwambia ruka wifi, mlango si umefungwa, tupo wawili humu. Akaruka, akakimbia palepale amesimama, akazungusha mabega, akavuta pumzi ndefu mpaka mwisho. Hiyo ndio sidiria aliyoondoka nayo. Na hivyo ndivyo ninavyotaka kila mmoja wenu afanye, ukinunua bila kuruka utakuwa umenunua picha.

Vikombe navyo vina dalili zake. Nyama ikimwagika juu au pembeni kwapani, kikombe ni kidogo. Kitambaa kikikunjamana, kikombe ni kikubwa. Kama ina waya, waya ukae kwenye mbavu, usikalie titi hata kidogo.

Aina ziko mbili kubwa. Kuna zile za kubana, ambazo zinavaliwa kwa kupitisha kichwani na zinalaza matiti yote mawili kwa pamoja kifuani, hizi kwa kifua kidogo zinatosha vizuri tu. Halafu kuna zenye vikombe viwili vilivyotengana, kila titi lina chumba chake, mara nyingi zina vishikizo nyuma na kamba zinazorekebishika, na kwa kifua cha kati mpaka kikubwa mimi ningekwambia usihangaike na kitu kingine. Siku hizi kuna zinazofanya yote mawili kwa pamoja, zina vikombe na zinabana juu yake, hizo ni nzuri sana kwa kifua kikubwa. Kamba ziwe pana. Zile zinazokutana katikati ya mgongo zinashika vizuri na hazitelezi begani, ila kwa wengine zinavuta shingo, jaribu ujisikie mwenyewe. Na ukinunua yenye vishikizo, ichague ikukae vizuri kwenye safu ya nje kabisa, ile iliyolegea, kwa sababu lastiki inalegea na matumizi na wewe utakuwa unaingia safu ya ndani taratibu. Ukianzia ya ndani, miezi michache tu huna pa kukimbilia.

Kubana sana sio kushika vizuri, hili nalisema kwa sababu kuna imani kwamba ukiona huwezi kupumua basi ndio imekamata. Hapana. Mbavu zinatakiwa zipanuke. Ukikimbia unahitaji hewa nyingi kuliko wakati wowote, sasa ukizifunga mbavu utachoka dakika ya pili ukidhani huna pumzi. Kuna wanaovaa mbili kwa pamoja, sidiria ya kawaida na ya kubana juu yake. Kama ndicho ulichonacho leo na unataka kuanza leo, anza, siwezi kukukataza, lakini ikague pumzi yako na usifanye ndio mpango wa kudumu.

Na kifua kinabadilika, tusisahau. Siku za kukaribia hedhi kinajaa na kinauma, wengine wanahitaji sidiria nyingine kabisa wiki hiyo. Ukinenepa, ukipungua, ukibeba mimba, ukinyonyesha, pima upya. Mama anayenyonyesha na anataka kukimbia, nyonyesha au kamua kwanza ndio utoke, kifua kikiwa chepesi utakimbia kwa raha zaidi, na chagua inayofunguka mbele ili ukirudi mtoto asilie wakati wewe unapambana kuivua na jasho lote hilo.

Sasa raba.

Hapa nitawakera wauzaji. Utaingia dukani utaambiwa unyayo wako bapa, unahitaji raba za namna hii, au mguu wako unaingia ndani ukikanyaga, chukua zile kule. Jeshi la Marekani walilifanyia utafiti hili kwa wanajeshi wapya, kundi moja likapewa raba kulingana na umbo la unyayo wao, kundi jingine likapewa raba za aina moja wote bila kujali unyayo, na walioumia hawakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo anayeanza mimi namwambia kitu kimoja, vaa, kimbia ndani ya duka, ile ambayo mguu hauilalamikii ndio yako. Raba ya kukimbilia haihitaji kuzoeshwa mpaka iwe laini, kama inakuumiza dukani itakuumiza zaidi barabarani. Kama una maumivu ya siku nyingi ya goti au kisigino hiyo ni habari nyingine, muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla hujaenda dukani.

Nenda jioni au mchana umeshaenda, mguu unavimba kadiri siku inavyokwenda na unavimba tena ukikimbia, raba iliyokukaa sawasawa asubuhi ukiwa umetoka kulala itakuwa inakubana jioni. Nenda na soksi utakazokimbilia. Simama wima, uzito wote umeukalia mguu, halafu bonyeza mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (sio lazima kiwe kidole gumba, wengine cha pili ndio kirefu), ubaki na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Ndio maana wengi saizi yao ya kukimbilia inakuwa nusu au saizi nzima juu ya ile ya viatu vya kawaida. Usijali namba. Wale mnaoona kucha za vidole vya mguu zinageuka nyeusi, mara nyingi kidole kinagonga mbele ya raba kila hatua, hasa mkiteremka mlima, raba ni fupi au kamba imelegea. Na miguu yako miwili haifanani, pima yote, nunua kwa ule mkubwa. Pembeni pia uangalie, vidole viweze kutanuka, kisigino kiwe kimetulia kisipande na kushuka. Kikiwa kinapanda na raba ni nzuri kwingine kote, tumia lile tundu la mwisho la juu ambalo watu hawalipitishii kamba, ipitishe pale utengeneze kitanzi kidogo kila upande, halafu kamba ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, kaza kwa kuvuta chini. Kisigino kitakaa.

Zile raba zenye bamba la kaboni ndani ambazo washindi wa marathon wanavaa, ziache kwanza. Zimetengenezwa kwa mtu anayekwenda kasi sana na zinachakaa mapema. Raba za kuchezea mpira wa kikapu na zile za kutokea pia hapana, soli haijatengenezwa kwa kwenda mbele kilomita baada ya kilomita. Kuhusu mtumba, najua wengi ndiko tunakopata, angalia mambo mawili, soli ya chini imelika upande gani, na sponji ya katikati. Ibonyeze kwa kidole, kama imejaa mikunjo ya kulala na hairudi, hiyo imeshakimbiwa mpaka ikaisha hata kama juu inang'aa. Kwa kawaida raba inabeba kilomita 500 mpaka 800 hivi kabla sponji haijafa, kwa hiyo ukikimbia kilomita 15 kwa wiki utakaa nayo kama miezi minane mpaka mwaka. Ila hiyo ni kama unakimbilia tu. Ukiivaa na sokoni na kazini, kilomita zinahesabika pia.

Najua kuna atakayenitajia Abebe Bikila, Muethiopia aliyeshinda marathon ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa peku. Kweli kabisa, na heshima yake haishuki. Lakini nyayo zake zilikuwa zimezoea, na Tokyo 1964 alishinda tena, safari hii na viatu. Wewe ambaye umevaa viatu maisha yako yote usiamke kesho ukakimbia kilomita tano peku, misuli ya unyayo na kifundo haijajiandaa.

Nguo nazipitia haraka maana hapa ndipo hela nyingi zinapotea bure. Tisheti yoyote isiyo ya pamba tupu inatosha. Pamba inanyonya jasho na kulishika, inakuwa nzito, inashikamana na ngozi, na kwenye baridi inakugandisha ukisimama tu. Kitambaa cha poliesta au nailoni chepesi kinalitoa jasho nje likauke. Kwa mbio za dakika 20 hata pamba haitakuua, lakini ukianza kurefusha utaona tofauti. Kwenye joto vaa rangi nyepesi na nguo isiyobana, kwenye baridi vaa kama vile nje kuna joto zaidi kidogo kuliko ilivyo, ukitoka usikie kaubaridi, baada ya dakika kumi mwili utakuwa umeshachemka. Ukikimbia alfajiri au jioni giza limeingia, vaa kitu kinachoakisi mwanga, kifuani na miguuni, dereva aone kitu kinachosogea.

Legingi ichuchumalie mbele ya kioo kwenye mwanga, kama inaonyesha ndani sio ya kukimbilia. Kiunoni iwe ya juu na kama ina kamba ya kukaza ndani bora zaidi, hamna kitu kinachochosha kama kuvuta legingi kila baada ya mita mia. Anayependa nguo pana avae pana, suruali nyepesi na tisheti ndefu ya mikono mirefu, na kwa wanaovaa hijabu kuna za michezo za kitambaa chembamba kisicho na pini, jasho linatoka vizuri. Hakuna nguo moja ambayo ndiyo ya mkimbiaji. Mapaja yakisuguana na kuchubuka, vaa bukta ya kubana ndani au paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, na paka pia chini ya mkanda wa sidiria na kwapani, kwa sababu jasho likishakauka inabaki chumvi na chumvi na ngozi vikisuguana, ukiingia kuoga ndio utajua ulichubuka wapi.

Kitu kimoja kwenye nguo ambacho nakubali ukitolee hela ni soksi. Zisiwe za pamba, zisiwe na mshono mnene pale vidoleni, zisiteleze kisiginoni. Malengelenge mengi watu wanayolaumu raba yanatoka kwenye soksi iliyolowa na kukunjana.

Turudi kwenye sidiria nimalizie, maana ukishaipata watu wanaiua kwa kuifua. Maji ya baridi, sabuni ya kawaida, bila ile dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba kitambaa na kuharibu lastiki. Funga vishikizo kabla ya kufua visichane nguo nyingine. Usiikamue kwa kuisokota, ikandamize ndani ya taulo, halafu ianike kivulini, mashine ya kukaushia kwa moto usiiguse kabisa. Uwe nazo angalau mbili upokezane, ukivaa ile ile yenye jasho la jana utawashwa na upele mpaka uchukie. Na usisubiri ichanike ndio uibadilishe, inaweza kuonekana mpya kabisa na lastiki imeshakufa. Kila baada ya miezi michache rudia ule mtihani wa wifi yangu, mikono juu, halafu ruka. Kama umeshafika safu ya ndani kabisa ya vishikizo na mkanda bado unapanda, hiyo ibakie ya kushinda nayo nyumbani, nenda kanunue nyingine.